Awamu za Viwimbi na Uchunguzi wa Sauti za Lugha

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kihisabati ya kuchambua ishara, na faida yake kwa mchunguzi wa lugha. Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Katika Kimvita, neno paa lenye maana ya mnyama hutamkwa kwa mpumuo, hali paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo. Tukitaka kuithibitisha kwa vipimo, yatupasa kujua nyakati mbili: midomo iliachana lini, na nyuzi za sauti zilianza kutetema lini. Katika paa la nyumba nyakati hizo hukaribiana. Katika paa mnyama pumzi hupita baina yake. Muda wenyewe huhesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde.

Picha za sauti zilizozoeleka katika fonetiki huonyesha nguvu ya mitetemo ya haraka na ya polepole, ikipimwa ndani ya kipande cha muda. Kipande kikiwa kirefu, tukio la ghafla hutandazika. Kikiwa kifupi, mitetemo ya polepole haitambulikani vyema. Tatizo la jinsi hiyo lilimkabili Jean Morlet, mtaalamu wa jiofizikia wa Ufaransa, alipochunguza mawimbi yarudiyo kutoka matabaka ya ardhi katika utafutaji wa mafuta. Yeye na mwanafizikia Alex Grossmann wa Marseille waliweka msingi wa njia mpya katika makala yao ya mwaka 1984. Chombo chao kwa Kifaransa huitwa ondelette, yaani wimbi dogo. Nasi, kwa kiambishi chetu cha udogo, twaweza kukiita kiwimbi.

Kiwimbi ni mtetemo mfupi uanzao, ukakua, kisha ukafifia. Hunyoshwa ili kupima mitetemo ya polepole na hubanwa ili kupima ya haraka, kisha hulinganishwa na sauti mahali baada ya mahali. Kiwimbi changamano ni viwimbi viwili pamoja, kimoja kikiwa nyuma ya mwenzake kwa robo ya mzunguko. Kwa hiyo kila ulinganishi hutoa namba mbili, ambazo kwa pamoja huitwa kizigeu changamano. Na tukifikirie kizigeu hicho kuwa mkono wa saa: urefu wake ndio ukubwa, na mwelekeo wake ndio awamu. Ukubwa hutuambia mtetemo una nguvu kiasi gani. Awamu hutuambia mtetemo umefika wapi katika mzunguko wake. Sauti ikisogezwa kidogo mbele, urefu wa mkono haubadiliki sana, lakini mwelekeo wake hugeuka dhahiri.

Mwaka 1987 Richard Kronland-Martinet, pamoja na Morlet na Grossmann, walionyesha matumizi ya jambo hili katika sauti. Tuchore picha ambayo muda unakwenda kwa ulalo, na vipimo vya viwimbi vinashuka kutoka vikubwa hadi vidogo. Tukiunganisha mahali penye awamu moja, tutapata mistari. Palipo na badiliko la ghafla, mistari hiyo hukusanyika kadiri inavyoshuka, kama vijia viendavyo kisima kimoja, nayo huelekeza kwenye wakati wa badiliko lile.

Turudi kwenye paa. Kuachana kwa midomo huacha kituo kimoja cha mistari. Nyuzi za sauti zikianza kutetema, kila mpigo wake huacha kituo chake, na vituo hivyo hufuatana kwa mpango. Umbali kutoka kituo cha kwanza hadi mwanzo wa mfululizo huo ndio kipimo tulichokitafuta.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Mkono usio na urefu hauna mwelekeo. Pale ambapo ukubwa unakaribia sifuri, awamu huyumbishwa na kelele ndogo kabisa, wala haifai kutolewa ushahidi. Hivyo mchunguzi hana budi kutazama ukubwa kwanza, ndipo aisome awamu.

Ni dhahiri basi kwamba atakayehifadhi ukubwa peke yake na kuitupa awamu atajua sauti ilikuwa na nguvu gani, lakini atakuwa amepoteza sehemu kubwa ya habari za lini. Na katika maneno kama paa, maana yenyewe imo katika hiyo lini.