Sola ya shule: tuhesabu kabla ya kununua

Umeme wa Uvira unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, lakini hukatika mara kwa mara, na vijiji vingi kando ya ziwa havina hata waya. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi yalipofanywa bure, wanafunzi wameongezeka na shule nyingine zinasoma kwa zamu. Mawingu ya mvua yakitanda alasiri, watoto hawaoni ubao. Ndiyo maana parokia nyingi zinatamani sola.

Yesu, katika Luka 14, anafundisha juu ya mwenye kujenga mnara: akae kwanza ahesabu. Nasi tuhesabu. Madarasa sita, kila moja balbu mbili za wati 9, ni wati 108. Zikiwaka saa tatu, zinakula wati-saa 324. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1.200, lakini isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Paneli ya wati 150, ikipata saa nne za jua kali, inaleta kama wati-saa 600; sehemu hupotea njiani, zinazobaki zinatosha taa. Hazitoshi kuchaji simu za mtaa mzima.

Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, basi paneli ielekee kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Wakati wa kiangazi ifutwe asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Betri ya asidi inaongezwa maji safi ya betri, kamwe si maji ya ziwa. Tena iwekwe juu ya meza imara, penye hewa: mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 tunayakumbuka, na ziwa limepanda tena 2024.

Neno la mwisho ni gumu zaidi. Baada ya miaka michache betri itachoka, hata ikitunzwa vema. Nani atanunua nyingine? Tukiwadai wazazi, tumerudisha mlangoni gharama ambayo sheria iliitoa. Ni heri kanisa litenge sadaka moja kila mwaka kwa ajili ya betri, fedha ziandikwe katika daftari, kamati ya wazazi ilikague, na mtu mmoja ashike ufunguo. Mfadhili ataleta paneli mara moja. Kuilinda taa ni kazi yetu.