Anayefungasha Ndiye Anayepanga Bei

Mchele ukishamwagwa kwenye meza ya sokoni Dar es Salaam, jina lake hutegemea mdomo wa muuzaji. Ukinukia unaitwa wa Kyela, hata kama mpunga wake ulivunwa bonde la Usangu, ukakobolewa Igurusi na kuchanganywa na chenga za kwingine njiani. Mnunuzi hana pa kuhakikishia, na mkulima wa Kyela hana pa kulalamikia, kwa sababu mchele wake uliondoka Mbeya ndani ya gunia lisilo na jina, daraja wala tarehe. Jina zuri analo, ila wanaolitoza bei ni wengine. Hali hii haitabadilika kwa kulima zaidi. Itabadilika pale kazi ya kuchambua, kupima, kufungasha na kuweka lebo itakapofanyika huku huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye ghala linalohudumia watu wengi kwa pamoja, kabla mzigo haujashika barabara kuu kuelekea Dar es Salaam.

Duniani huduma hiyo ni biashara kamili. Kampuni yenye ghala hupokea bidhaa za wenye mali wengi, huzihesabu na kuzikagua, huzipanga madaraja, huzitia kwenye vifungashio, hubandika lebo, huunganisha bidhaa mbili au tatu ziwe seti moja, kisha huzituma oda inapoingia. Mwenye mali hulipia nafasi na kazi aliyofanyiwa tu. Amazon ya Marekani ilianza kuwauzia wafanyabiashara wadogo huduma hiyo mwaka 2006. Kwetu, duka la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba mambo haya bado hayatuhusu. Nadhani hitimisho hilo ni la haraka mno. Duka la mtandaoni ni njia moja tu ya kuuza, wakati ghala la huduma lina faida hata kwa asiyewahi kuuza kitu kwa simu. Isitoshe, Mbeya na Iringa tayari tunaona mazao yanayopita kwenye maghala ya namna hiyo yanavyotendewa tofauti na yasiyopita.

Chukua parachichi aina ya Hass, la Rungwe au Mufindi. Tunda hili haliivi likiwa mtini. Hukomaa, likachumwa likiwa gumu, na huanza kulainika baada ya hapo, hivyo tangu linapokatwa saa inahesabu. Lililochumwa mapema mno halina mafuta ya kutosha. Litasinyaa badala ya kuiva vizuri, na mnunuzi wa Ulaya atalikataa. Kwenye kituo cha kufungashia, sampuli hupimwa kwanza kama tunda limekomaa. Kisha matunda hupita mezani, na mikono iliyozoea hutoa lenye mchubuko, lililoliwa na wadudu na lililong'olewa kikonyo, maana penye kikonyo kilichong'oka ndipo uozo unapoingilia. Yanayobaki hupangwa kwa uzito. Katoni ya kawaida ni ya kilo 4, na namba iliyoandikwa juu yake ni idadi ya matunda yanayoijaza: namba 16 ina matunda kama 16, kila moja likikaribia gramu 250. Baada ya hapo ni chumba cha baridi, kwenye nyuzi joto kama 5 au 6, na baridi hiyo haipaswi kukatika hadi bandari ya ng'ambo, safari ya wiki kadhaa. Hakuna mwenye miti 50 anayeweza kuyafanya hayo nyuma ya nyumba yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi sehemu ya maparachichi yetu ilipakiwa mabichi kwenye malori hadi Kenya, ikafungashwa huko na kusafirishwa kama tunda la Kenya. Mti ulikuwa wetu na jasho lilikuwa letu, lakini katoni ilikuwa ya wengine, na bei hufuata katoni.

Kyela inatoa ushahidi wa upande wa pili. Mkulima anayeuza kakao mbichi kwa walanguzi, biashara inayojulikana huko kama njemke, anauza kitu ambacho hakijawa bidhaa. Kakao huwa bidhaa baada ya kuvundikwa siku 5 hadi 7 na kukaushwa hadi unyevu ufike karibu asilimia 7. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza na korosho za Mtwara mwaka 2007, ulipofika Kyela na Rungwe ulilazimisha kakao ipite kwenye ghala, ipimwe, ijulikane ubora wake, ndipo iingie mnadani. Nakubali kwamba bei nono za mwaka 2024 zilitokana zaidi na mavuno mabaya ya Afrika Magharibi, yaliyopandisha bei ya dunia kupita dola 10,000 kwa tani. Ghala halikuipandisha bei hiyo. Lilichofanya ni kumwezesha mkulima mwenye magunia mawili kuwa ndani ya mnada siku bei hiyo ilipofika. Mahindi yana somo fupi na kali zaidi: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na ilipolegeza siku chache baadaye ikadai kila mzigo uwe na cheti. Cheti hakipatikani kwa mahindi yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba bila kupimwa unyevu, ambao kwa kiwango cha Afrika Mashariki haupaswi kuzidi asilimia 13.5.

Sasa tuje kwenye seti, ambako watu wengi hudhani kazi ni kufunga utepe tu. Vikapu vya Iringa, vinavyosukwa kwa milulu na wanawake wa Kihehe, huuzwa vizuri vikiwa vitatu vinavyoingiana, kikubwa, cha kati na kidogo. Ili viingiane, vipimo vyake lazima vilingane, na wasukaji wako vijiji tofauti. Lazima pawe na mahali vinapokutana, vikapimwa, vikakaushwa visiote ukungu na kuoanishwa. Hapo daftari nalo huingia kazini. Seti ikishafungwa, vikapu vitatu vinatoka kwenye hesabu na kitu kimoja kipya kinaingia, chenye namba yake. Asiyefanya hivyo ataamini ana vikapu 300 rafuni na seti 100 pembeni, kumbe ni vile vile, na atawaahidi wateja wawili mzigo mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetaka kuuza chai ya Mufindi pamoja na asali kwenye boksi moja: chai hunyonya harufu na unyevu, tarehe za kuisha matumizi hazilingani, na boksi zima huhesabiwa kwa ile iliyo karibu zaidi. Barkodi za bidhaa zetu, zinazoanza na tarakimu 620, nazo hudai seti iwe na yake, tofauti na ya kila kilichomo.

Wapo watakaosema mteja wetu hataki haya, anataka sado lililojaa na lumbesa lenye kilemba. Mteja wa sado yupo na ataendelea kuwepo, na hakuna anayetaka kumnyang'anya. Lumbesa ni jambo jingine. Sheria ya vipimo inataka fungashio la mazao ya shamba lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umeshakamata wengi, lakini magunia ya viazi yaliyovimba bado yanatoka Uporoto na Umalila. Sababu ninayoiona ni kwamba ufungaji unafanyika pembezoni mwa shamba, pasipo mizani, kwa mikono ya vibarua wa mnunuzi. Faini haiwezi kuziba pengo la mizani isiyokuwepo.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu, na nalichukulia kwa uzito wake. Mkulima aliyewahi kusubiri malipo ya ghala kwa wiki nyingi hawezi kuambiwa tu aamini. Tena mali nyingi zikikaa chini ya paa moja, hatari nayo hukusanyika. Mbeya iliona soko la Sido likiteketea Agosti 2017. Kwa hiyo mkataba ndio unaoitofautisha huduma na mtego. Ueleze mzigo umepokelewa kilo ngapi na daraja gani, nani anabeba hasara ukipungua, bima inafika wapi, gharama kwa gunia ni shilingi ngapi na inaanza kuhesabiwa lini, na mwenye mali anaruhusiwa kuuhesabu mzigo wake siku yoyote. Mwendesha ghala anayekwepa hata moja ya hayo asipewe mzigo. Kuhusu gharama, ni kweli bei ya mfuko, lebo na kazi inaweza kumeza faida ya mwenye gunia moja. Ndiyo sababu hasa ya kuikusanya kazi mahali pamoja, ambapo mifuko hununuliwa kwa maelfu na mizani moja hutumikia kijiji kizima.

Mahali pa kuanzia pengine papo tayari. Mashine nyingi za kukoboa Ubaruku na Igurusi zina maghala ambamo mkulima huacha mpunga wake akisubiri bei ipande, na mwenye mashine hupata chake siku ya kukoboa. Amekwisha kuzoea kutunza mali ya watu wengi bila kuichanganya. Kinachokosekana ni kipima unyevu, chekecheo la kutenganisha chenga, mizani iliyohakikiwa, mashine ya kushonea mifuko ya kilo 5 na daftari linaloonyesha mfuko upi ni wa nani. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) inaweza kuombwa na kikundi au chama cha ushirika wa mazao (AMCOS) kwa jina moja. Anayeanza na daraja moja, kifungashio kimoja na mnunuzi mmoja, tuseme duka la jumla la Iringa mjini au shule ya bweni ya Mafinga, atajua ndani ya msimu mmoja kama mteja wake yuko tayari kulipa zaidi kwa mchele unaosema umetoka wapi.