Kiti cha Ndani: Namna Dereva Mdogo Anavyokalishwa Katika Gari la Mashindano

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa lori au kwa basi la zamani huenda amepata kumwona dereva mfupi aliyekalia mto ili aione barabara vizuri juu ya usukani. Pengine huweka na mto wa pili nyuma ya mgongo, miguu ipate kufika kwenye klachi. Desturi hiyo ni ya siku nyingi na mara nyingi safari humalizika salama. Lakini dereva wa gari la mashindano akifanya vivyo hivyo, hujiweka katika hatari ambayo haionekani mpaka siku ya ajali. Makala haya yanaeleza hatari hiyo inatoka wapi, na mafundi hutengeneza nini badala ya mto.

Kiti cha gari la mashindano hakifanani na kiti cha gari la kawaida. Ni ganda gumu, lisilo na springi, lililofinyangwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Aghalabu hufungwa kwa bolti wala hakisogezwi mbele au nyuma. Ganda hilo hufanywa kwa kipimo cha dereva mkubwa, kwa sababu iliyo wazi: dereva mdogo aweza kuongezewa kitu, bali dereva mkubwa hawezi kupunguzwa. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1923, gari moja huendeshwa kwa zamu na madereva ambao kwa kawaida ni watatu, na si ajabu mmoja akawazidi wenziwe kwa sentimeta 20 au zaidi. Gari lisimamapo ili dereva abadilishwe, anayetoka huchomoa umbo jepesi alilokuwa amelikalia, na anayeingia huweka la kwake. Umbo hilo tutaliita kiti cha ndani. Yule mkubwa kuliko wote huenda asihitaji chochote.

Udogo wa mwili haumzuii mtu kushinda. Danica Patrick wa Marekani, mwenye urefu upatao sentimeta 157, alishinda mbio za IndyCar huko Motegi, Japani, mwaka 2008. Yuki Tsunoda wa Japani, aliyeingia katika Formula 1 mwaka 2021, ana urefu wa karibu sentimeta 160. Zamani wepesi wa dereva ulikuwa hata faida iliyolalamikiwa na wenzake wazito. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 kanuni za Formula 1 ziliweka kiasi cha kilo 80 kwa dereva pamoja na kiti na mavazi yake, kiasi kilichopandishwa kuwa kilo 82 mwaka 2025. Anayepungukiwa huongezewa vipande vya metali karibu na kiti. Tatizo la dereva mdogo, basi, si nguvu wala ustadi. Ni nafasi tupu iliyobaki baina ya mwili wake na ganda.

Kwa nini nafasi hiyo isijazwe kwa sponji ya godoro? Hapa inatupasa kufanya hesabu, nayo haizidi masomo ya kidato cha tatu.

Tuseme gari limeteleza, likageuka, na sehemu yake ya nyuma ikagonga ukuta. Tuchukulie kwamba linapunguza mwendo kwa kadiri isiyobadilika, mara 20 ya mchapuko wa graviti, yaani meta 196 kwa sekunde kwa sekunde. Dereva ambaye mgongo wake wote umegusana na ganda hupunguza mwendo pamoja na gari, naye hupata mara 20 hizo hizo. Ni kani kubwa, lakini mwili wenye afya, ukiegemezwa vyema, waweza kuistahimili kwa muda mfupi. Daktari John Stapp wa jeshi la anga la Marekani alijifanyia jaribio tarehe 10 Desemba 1954 katika kiti kilichosukumwa na roketi juu ya reli. Kilipofungwa breki alipata zaidi ya mara 46 ya graviti, akatoka hai, ingawa macho yake yalivilia damu.

Sasa tuweke nyuma ya mgongo wa dereva wetu sponji ya unene wa sentimeta 7, iliyo laini kiasi kwamba sentimeta 5 za kwanza hubonyea bila ukinzani wa maana. Ganda linapunguza mwendo. Dereva, kwa kuwa hakuna kinachomzuia bado, anaendelea na mwendo wake wa awali. Kwa kanuni v² = 2as, afikapo mwisho wa sentimeta 5 hizo, v² ni 2 × 196 × 0.05, yaani 19.6. Kasi yake kulinganishwa na ganda ni meta 4.4 kwa sekunde, karibu kilometa 16 kwa saa, na muda uliopita ni sekunde 0.023 tu. Zimebaki sentimeta 2 za kuimaliza kasi hiyo yote. Mchapuko unaohitajika ni 19.6 ÷ (2 × 0.02), yaani meta 490 kwa sekunde kwa sekunde, au mara 50 ya graviti. Hizo sharti zijumlishwe na zile 20 za gari lenyewe, ambalo bado linasimama. Dereva aliyekaa juu ya ganda tupu alipata 20. Mwenzake aliyekalia kitu cha raha amepata 70.

Hesabu hii imerahisishwa, maana sponji ya kweli huanza kukinza kabla ya kwisha, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Kitu laini humpa dereva nafasi ya kukusanya kasi, kisha humkabidhi kwa ganda gumu. Kuna na madhara ya pili. Mikanda hukazwa sponji ikiwa imebonyea nusu tu. Ikibonyea yote, mikanda hulegea. Gari likigonga kwa mbele, makalio huteleza chini ya mkanda wa kiunoni, na mkanda ulioupasa kushika mfupa wa nyonga hupanda ukashika tumbo, mahali ambapo hapana mfupa bali utumbo, ini na wengu. Katika njia mbovu kama za Safari Rally, ambako mishtuko mingi hutoka chini, uti wa mgongo ndio unaoipokea.

Ziko pia sababu zisizohusu ajali. Dereva wa kilo 50 apitapo kona kwa mchapuko wa pembeni ulio mara 3 ya graviti, mwili wake husukuma ubavu wa kiti kwa kani ya nyutoni 1,470. Ikiwa amegusana na ganda kwa ncha ya nyonga tu, tuseme sentimeta mraba 40, kanieneo ni karibu nyutoni 37 kwa kila sentimeta mraba, naye atashuka garini amevilia damu. Kiti kikifuata umbo la mwili kwa sentimeta mraba 400, kanieneo hushuka hadi karibu nyutoni 3.7. Zaidi ya hayo, asiyeshikwa na kiti hujishikilia kwa usukani, na mikono inayojishikilia haiongozi gari vizuri.

Kinachotakiwa, basi, ni kitu chepesi, kigumu, kilichofuata umbo la mtu mmoja mahususi. Njia iliyoenea ni povu la poliyurethini. Kemia ya jamii hii ya plastiki ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Huja katika vyombo viwili vya vimiminika: kimoja kina polioli, kingine isosayaneti. Vikikorogwa pamoja, molekuli zake huungana kuwa minyororo mirefu. Katika mapishi mengi maji kidogo yaliyomo humenyuka na isosayaneti, yakatoa gesi ya kaboni dioksidi, nayo huumua mchanganyiko kama hamira inavyoumua unga wa maandazi. Tofauti ni kwamba unga huu, ukishaumuka, hugeuka kuwa mgumu kwa dakika chache. Kwa kazi yetu huchaguliwa aina ngumu, ambayo kidole chaweza kuiacha alama kwa shida.

Kabla ya kumimina chochote, hapana budi dereva awekwe mahali pake, na sehemu hii ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Kwanza humvalisha mavazi yote ya mashindano, viatu, kofia ngumu na kinga ya shingo, kwa sababu vitu hivyo hubadili vipimo. Kisha humkalisha ndani ya ganda juu ya vipande vya povu gumu lililokwisha kuganda, wakiongeza kimoja na kuondoa kingine. Akikanyaga breki mpaka mwisho, goti sharti libaki limekunjika kidogo. Akinyoosha mkono huku mabega yameegemea, kifundo cha mkono kilale juu ya usukani. Macho yake yaione njia, lakini asiinuliwe kupita kiasi: kanuni za vilabu vingi hutaka kofia iwe chini ya tao la chuma la kinga kwa sentimeta 5 au zaidi. Mkanda wa kiunoni upite chini, juu ya mifupa ya nyonga. Mikanda ya mabega iende nyuma sawa na ardhi au ikishuka kidogo, nyuzi zipatazo 20. Ikishuka sana, siku ya ajali itaukandamiza uti wa mgongo. Fundi asiye na subira huharibu kazi hapa, wala hajui kama ameharibu mpaka povu limekwisha kuganda.

Hapo ganda hufunikwa kwa karatasi ya plastiki, na mfuko mkubwa, mzito, wa plastiki laini huwekwa nyuma ya mgongo wa dereva. Mafundi humimina povu kidogo kidogo, robo ya kazi kwa mara moja. Sababu ni joto. Mmenyuko huu hutoa joto jingi, na povu lenyewe ni kihami, kwa hiyo joto la katikati ya bonge kubwa halina njia ya kutokea na laweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Tabaka nyembamba hupoa upesi. Dereva hukaa kimya, mikono usukanini, miguu kwenye pedali, mpaka povu ligande. Akijinyoosha au akicheka, kicheko chake kitahifadhiwa ndani ya kiti. Mgongo ukiisha, hufanywa mbavu, kisha mapaja. Makalioni huwekwa unene mdogo kadiri iwezekanavyo.

Hatari ya kazi hii isifichwe. Mvuke wa isosayaneti hudhuru mapafu, na mtu aliyekwisha kuathirika aweza kushikwa na pumu hata kwa kiasi kidogo sana baadaye. Kazi hufanywa mahali penye hewa nyingi, kwa glovu, miwani na kinga ya pumzi inayofaa kwa mvuke huo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Si kazi ya kufanywa darasani. Mafundi wengine hutumia njia tofauti: punje za polistirini huchanganywa na gundi ya epoksi ndani ya mfuko, dereva hukaa, kisha hewa hunyonywa kwa pampu mpaka punje zibanane. Njia hii hunakili umbo vizuri zaidi, nayo humpa fundi muda wa kurekebisha, ila gharama yake ni kubwa na epoksi nayo ina madhara yake kwa ngozi.

Povu likishapoa, hutolewa na kuchongwa. Kisu kirefu cha mkate hufaa kuliko msumeno, mradi kisirudishwe jikoni. Kingo za juu hupunguzwa ili viwiko vipite, na matundu hukatwa ili mikanda yote, pamoja na ile inayopita baina ya mapaja, ifuate njia yake ya asili bila kukunjwa. Tundu lililosahauliwa hapa laweza kuharibu kazi yote ya mikanda. Mwisho umbo hufunikwa kwa kitambaa kisichoshika moto, kwani poliyurethini ikiungua hutoa kaboni monoksidi na gesi ya sianidi. Umbo la lita 40, la povu lenye densiti ya kilo 40 kwa meta ya ujazo, huwa na kilo 1.6 tu, mtu hulichukua kwa mkono mmoja.

Mwalimu atakaye kuonyesha jambo hili darasani aweza kufanya hivyo bila kemikali yoyote. Kwenye kigari cha mbao pigilia ukuta mfupi mbele, na ubandike juu yake bonge la udongo wa kufinyangia. Chukua kipande cha mbao cha kilo 1 chenye msumari butu uliojitokeza mbele. Mara ya kwanza msumari uguse udongo. Mara ya pili kipande kikae sentimeta 5 nyuma yake. Kila mara kigari kiteremke mteremko mdogo ule ule na kuingia katika lundo la mchanga uliolegea, kisha pimeni kina cha tundu. La mara ya pili litakuwa kubwa zaidi. Halafu ondoeni mchanga, mweke tofali ili kigari kisimame ghafla, na mrudie yote mawili. Safari hii matundu yatakaribia kulingana. Wanafunzi waulizwe kwa nini, wala wasipewe jibu kabla ya kuchora mchoro wa kasi na wakati wa kigari na wa kipande kwa kila jaribio.