Umenunua gemu kwa pesa zako, mbona unachukuliwa kama mwizi?

Fikiria hivi. Umejinyima chipsi na matembezi ya wikendi kwa miezi miwili, na hatimaye umenunua ile gemu uliyoitamani. Bando lote limeishia kwa kuipakua. Unaiwasha, na kila ukimfyatulia zombi risasi, picha inakwama. Kumbe jirani yako, aliyeipata ya wizi kwa flashi, yake inateleza tu bila shida!

Usidhani natunga. Yalitokea 2021 kwa Resident Evil Village ya kampuni ya Capcom kutoka Japani. Iliuzwa ikiwa na kinga mbili dhidi ya wizi: Denuvo na nyingine ya Capcom yenyewe. Wavunjaji walipoziondoa, wataalamu wa Digital Foundry waliipima na kukuta kwamba nakala ya wizi haikwamikwami kama ile halali. Julai mwaka huo Capcom ilitoa marekebisho, ikakiri kwamba imeirekebisha teknolojia yake ya kuzuia wizi.

Sasa hiyo Denuvo ni mdudu gani? Ni programu iliyobuniwa Austria, na ilianza kusikika 2014 kupitia gemu kama FIFA 15. Huficha sehemu za msimbo wa gemu ndani ya mafumbo ili mvunjaji apotee njia. Unapowasha gemu mara ya kwanza, inawasiliana na seva na kupewa ruhusa inayolingana na kompyuta yako pekee. Ukibadilisha prosesa, inabidi ruhusa iombwe upya. Wenyewe husisitiza kwamba teknolojia yao haipunguzi kasi ya gemu. Wachezaji wengi hawakubali.

Ugomvi huu haukuanza jana. Mnamo 2008, gemu ya Spore ilikuja na kinga ya SecuROM, na mnunuzi akaruhusiwa kuiwezesha kwenye kompyuta tatu tu. Wateja waliwaka kwa hasira hadi EA ikaongeza idadi hiyo. Mwaka wa 2010 Ubisoft ikatoa Assassin's Creed II kwa kompyuta, ikakulazimisha uwe mtandaoni muda wote hata kama unacheza peke yako. Seva ziliposhambuliwa Machi mwaka huo, walionunua kwa haki walifungiwa nje. Hebu wazia sharti hilo kwako, bando likiisha au stima ikipotea!

Lakini tusiwe watu wa kusikiza upande mmoja. Gemu kubwa huundwa na mamia ya watu kwa miaka mingi, na mauzo mengi hutokea wiki za kwanza. Utafiti wa William Volckmann wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, uliochapishwa 2024, ulichunguza gemu 86 zilizolindwa na Denuvo. Ulikadiria kwamba gemu ikivunjwa mapema sana, mapato hushuka kwa takriban asilimia 20. Hiyo ni mishahara ya watu.

Utafiti uo huo ulionyesha jambo lingine: baada ya wiki 12 hivi, kinga hiyo haina tena faida ya maana kwa mapato. Kwa nini basi mnunuzi aendelee kubeba mzigo huo miaka nenda miaka rudi? Doom ya 2016 iliondolewa Denuvo mwaka huo huo. Village ilisubiri hadi 2023. Na The Witcher 3 imeuzwa kwenye duka la GOG bila kinga yoyote tangu 2015, na bado iliuza mamilioni.

Msimamo wangu? Kampuni iweke kufuli kwa miezi mitatu, kisha iliondoe, na itangaze tarehe hiyo kabla sijatoa pesa.

Najua utaniuliza: gemu ya dola 70 ni karibu Sh9,000, kijana wa Nairobi atazitoa wapi? Swali la haki. Ila faili ya kuvunjwa unayopewa bure yaweza kuja na virusi vitakavyobeba nywila zako. Isitoshe, ukivuna jasho la mwenzako bila kulipa, siku wewe ukiunda gemu yako utamlilia nani?

Njia ya kati ipo. Subiri ofa, bei hushuka sana baada ya mwaka mmoja hivi. Kabla ya kununua kwenye Steam, shuka chini ya ukurasa wa gemu uone kama Denuvo imetajwa. Na ikikwama, omba urejeshewe pesa ndani ya siku 14, ukiwa hujacheza saa mbili. Kampuni hazisikii matusi ya mtandaoni, ila pesa zikirudi kwa mwenyewe, husikia haraka.