Mafuta ya Mimea na Wadudu wa Ghalani

Miongoni mwa maadui wa chakula chetu, fukusi wa mahindi ana hila ya pekee. Jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute unaogandamana. Buu huanguliwa, hula na kukua humo humo, na katika joto la nyuzi 27 hadi 30 hutoka akiwa mdudu kamili baada ya majuma matano hivi. Kwa kuwa fukusi huweza kuruka kutoka ghalani mpaka shambani kabla ya mavuno, mahindi yanayoonekana safi huenda yamekwisha beba kizazi kizima.

Mwenziwe, dumuzi, ni mgeni kutoka Amerika ya Kati. Alionekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa rasmi mwaka 1981, na wakulima wakampa jina la lori: Scania. Huyu huyageuza mahindi kuwa vumbi, na huzaana hata katika nafaka iliyokauka sana, jambo ambalo fukusi hulishindwa.

Tangu zamani watu wa sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki huchanganya nafaka na majivu, au na majani makavu ya kivumbasha. Je, desturi hii ina msingi wa kisayansi? Mwaka 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, akiwamo mwanakemia Ahmed Hassanali, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya majani ya kivumbasha (Ocimum suave) na karafuu. Katika mimea yote miwili walikuta eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake, na ikadhihirika kuwa ni miongoni mwa viini vinavyomfukuza fukusi. Wazee, basi, hawakubahatisha.

Mafuta tunayoyazungumzia si ya kupikia. Tone la mafuta ya nazi likianguka karatasini huacha doa la kudumu; tone la mafuta ya kivumbasha hufifia kwa kuwa huvukiza. Hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji katika majani, kisha mvuke huo ukapozwa, na mafuta yakajitenga na maji. Kwa kawaida huelea juu, ila ya karafuu ni mazito kuliko maji na hutuama chini. Molekuli zake ni ndogo, nyingi zikiwa za jamii ya terpeni, zenye atomi 10 au 15 za kaboni.

Udogo huo ndio silaha. Mvuke wa mafuta humwingia mdudu kwa matundu ya pumzi yaliyo ubavuni mwake, na kwa kuwa huyeyuka katika nta, hupenya hata gamba lake. Ndani huvuruga mishipa ya fahamu. Baadhi ya viini hivi huingilia kazi ya oktopamini, ambayo kwa mdudu ni mjumbe muhimu, mfano wa adrenalini kwetu. Mwili wa binadamu hauitegemei oktopamini kwa kiasi hicho, na hii ni sababu mojawapo ya mafuta mengi kumdhuru mdudu zaidi kuliko mlaji. Hata hivyo, neno "asili" lisitupumbaze: kafuri, ambayo hutokana na jamaa mmoja wa kivumbasha, ikimezwa na mtoto mdogo humtia degedege.

Sasa tufikie penye kizungumkuti. Kitu kinachovukiza upesi hutoweka upesi. Katika kihenge kilichosukwa kwa fito, ambamo upepo hupita kutwa kucha, mafuta huweza kuisha nguvu kwa siku chache tu, ilhali buu aliyejificha ndani ya punje anahitaji mvuke mzito na muda mrefu zaidi ili afe. Wapo wanaoyasifu majani haya kana kwamba yatachukua nafasi ya kila dawa ya dukani. Kwa maoni yangu wanasahau kuuliza swali la kwanza, yaani chombo gani kimetumika.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa chupa nne za kioo. Kila moja itiwe gramu 200 za mahindi na fukusi 20 walio hai. Mbili ziwekewe kifuko cha majani ya kivumbasha yaliyopondwa, mbili zisiwekewe. Katika kila jozi, chupa moja ifungwe kifuniko kikazavyo, nyingine ifungwe kitambaa chepesi. Wanafunzi wahesabu waliokufa kila siku kwa juma moja, kisha wangoje majuma sita wahesabu waliozaliwa. Chupa iliyofungwa bila majani isidharauliwe: fukusi wakifa humo pia, wameuawa na upungufu wa oksijeni, si harufu. Asiye na chupa hiyo ataisifia mimea kwa kazi ya kifuniko.

Ndivyo ilivyo hata katika mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa siku hizi. Penye mifuko hiyo, na mahindi yamekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13, mafuta si ya lazima. Faida yake huonekana zaidi kwa mkulima mwenye debe mbili tatu za kunde au mahindi katika pipa lenye kifuniko, ambalo hufunguliwa mara kwa mara ili kuchota, hivyo hewa mpya huingia kila siku. Huyo atalazimika kuongeza majani mapya, na avumilie harufu kidogo katika ugali wake.

Kwa mbegu za kupanda tahadhari ni kubwa zaidi, kwani baadhi ya mafuta haya hupunguza uotaji. Punje 100 zilizohifadhiwa pamoja na majani zioteshwe katika kitambaa chenye maji, kando ya punje 100 zisizoguswa, kabla ya mvua za kwanza.