Mipaka Itajwe Kumbukumbu Inapotengwa

Programu inayoomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta inapaswa kujibu maswali mawili: nafasi hiyo ni ya kitu gani, na inaishia wapi. Swali la pili ndilo lililozigawa lugha za programu. Katika Pascal, aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970, ukubwa wa safu ulikuwa sehemu ya aina yenyewe. Safu ya namba 10 ilikuwa aina moja na ya namba 20 aina nyingine kabisa, hivyo utaratibu ulioandikwa kupanga ya kwanza haukuweza kuipokea ya pili. Brian Kernighan aliilalamikia kasoro hiyo mwaka 1981, na kwa haki. C ilikimbilia upande wa pili: `malloc` huambiwa idadi ya baiti na kurudisha anwani peke yake. Pale nafasi inapoishia panabaki kichwani mwa mwandishi wa programu, naye akisahau, hakuna wa kumkumbusha.

Ada, iliyobuniwa na timu ya Jean Ichbiah kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kupata kiwango chake rasmi mwaka 1983, ilipata njia ambayo naiona bora kuliko zote mbili. Mtu anaweza kutangaza aina, tuiite Vekta, akaiacha mipaka yake wazi, na utaratibu mmoja ukahudumia vekta za kila urefu. Lakini hakuna Vekta inayozaliwa bila mipaka. Anayetaka nafasi huandika `new Vekta (1 .. N)`, na N inaweza kujulikana programu ikiwa tayari inaendeshwa. Akiandika `new Vekta` na kuishia hapo, kompaila inamkatalia. Mabano yale madogo yana kazi ya bikoni za kiwanja: zikishasimikwa, kila anayekuja baadaye anazikuta. Utaratibu wowote utakaokabidhiwa safu hiyo unaweza kuiuliza inaanzia wapi na kuishia wapi, na atakayegusa nje ya mipaka atasimamishwa na hitilafu iitwayo `Constraint_Error`.

Gharama ya kukosa mipaka hiyo ilionekana Aprili 2014, dosari ya Heartbleed ilipotangazwa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji iliyoandikwa kwa C. Kompyuta moja ilituma ujumbe mfupi, ikataja urefu wake, na kuomba urudishwe. Programu iliuamini urefu uliotajwa bila kuulinganisha na ujumbe wenyewe, ikanakili hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya jirani, zikiwamo nywila na funguo za siri. Laiti ujumbe ungebebwa kama safu yenye mipaka yake, kunakili kungekatika kwenye baiti yake ya mwisho. Huenda mawasiliano yangevunjika, lakini siri zisingetoka.

Wapinzani hujibu kwa neno moja: Ariane. Roketi ya Ariane 5 iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 4 Juni 1996 iliharibika kama sekunde 40 baada ya kuanza safari, na programu iliyokwama ilikuwa ya Ada. Namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Ikavuka, hitilafu ikatolewa, na kifaa kilichoiendesha programu hiyo kikajizima kama kilivyoagizwa. Kile cha akiba, chenye programu ileile, kilikuwa kimeshazimika. Hoja yao ina uzito zaidi kuliko inavyokubaliwa, kwa sababu hesabu ile haikuwa na kazi tena roketi ikishapaa; namba mbovu iliyonyamaza huenda isingedhuru kitu. Hata hivyo, tume ya Jacques-Louis Lions iliyochunguza ajali hiyo ilionyesha kwamba programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, iliyokuwa na mwendo tofauti, na kwamba thamani tatu kati ya saba ziliachwa bila kinga ili kupunguza mzigo wa prosesa. Mpaka ulisema kweli. Uamuzi wa kuzima kifaa kizima ulitoka kwa wasanifu.

Kuhusu kasi, hofu imezidi ukweli. Kitanzi kinapofuata mipaka ya safu yenyewe, kompaila huweza kuthibitisha kwamba hakuna kitakachovuka na kuuondoa ukaguzi, na Ada inaruhusu kuuzima kwa tamko la wazi pale vipimo vinapodai. Kinachonishinda kukubali ni kinyume chake, yaani ukaguzi usiokuwapo tangu mwanzo. Lugha inayomwachia mtu atenge kumbukumbu bila kufunganisha mwisho wake na kitu chenyewe haifai tena kuandikiwa programu mpya zinazopokea ujumbe kutoka kwa wageni.