Niliacha chuo, sikuacha kusoma: Riwaya 6 zilizonishika hapa Eldoret

Kila wiki lazima mtu aniulize swali lilelile. Nimekaa kwenye kibanda cha M-Pesa hapa Langas, riwaya imelala juu ya daftari la wateja, halafu mtu anatoa kitambulisho huku akichungulia jalada.

"Unafanya mtihani gani?"

Nikimwambia sifanyi mtihani wowote, nasoma tu, ananiangalia kama mtu anayesonga ugali ambao hana mpango wa kuula. Kwa wengi wetu, riwaya ya Kiswahili ni kitu cha Kidato cha Tatu na cha Nne. Unaisoma kwa sababu mwalimu amesema, KCSE ikiisha unampa mdogo wako au unaitumia kuwashia jiko.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilifanya KCSE mwaka 2018, mwaka wa kwanza Chozi la Heri kutahiniwa. Kusema kweli, sikuisoma. Nilisoma mwongozo. Nilijua maudhui kwa nambari, nilijua wahusika kwa orodha, nilijua kutofautisha kinaya na sadfa. Swali la alama 20 nililijibu vizuri tu. Lakini ungeniuliza kama stori ilinigusa, ningekuuliza, stori gani?

Baadaye nikaenda chuo, nikafika mwaka wa pili, karo ikagoma, nikarudi nyumbani. Walioacha chuo mnajua ile hali. Shangazi anauliza mbele ya watu, "Utarudi lini?" Wenzako wanapost picha za kofia na majoho. Unaanza kukwepa njia za mjini ambako unaweza kukutana na mtu mliyesoma naye. Miezi ya kwanza nilikuwa nalala mchana ili usiku niwe macho peke yangu.

Ni kwenye miezi hiyo nilifungua katoni ya vitabu vya zamani nikitafuta cha kuuza, nikatoa Chozi la Heri. Nikasoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama. Nikaketi. Usiku ule sikulala hadi saa tisa.

Tangu hapo sijaacha. Hizi hapa ni riwaya 6 nilizosoma bila kuulizwa swali la alama 20, na ninachofikiria juu ya kila moja. Mkinikosoa, sawa, ila msome kwanza.

1. Chozi la Heri – Assumpta K. Matei

Naanza na hii kwa sababu wengi wenu mnayo nyumbani. Ridhaa, daktari, anasimama kwenye magofu ya nyumba yake iliyochomwa baada ya uchaguzi, familia yake ikiwa imeteketea humo. Na kati ya waliomfanyia hivyo kuna jirani, Mzee Kedi, mtu waliyeishi naye miaka nenda miaka rudi.

Nikiwa shuleni hilo lilikuwa "maudhui ya ukabila". Nikiwa mtu mzima, hapa Eldoret, lilikuwa kitu kingine kabisa. Ile picha ya mtu kusimama kwenye majivu, akitafuta kitu chochote cha kuokota, sikuhitaji mwongozo kunieleza.

Kasoro ipo. Wahusika ni wengi mno, na kila mmoja anakuja na mkasa wake, hadi unahisi mwandishi alikuwa na orodha ya matatizo ya nchi akiyapigia vema moja baada ya jingine. Katikati nilichoka. Lakini kama uliisoma kwa ajili ya mtihani, ninakusihi: irudie sasa. Ni kitabu tofauti.

2. Siku Njema – Ken Walibora

Hii ndiyo ninayompa mtu aliyeniambia hapendi kusoma. Ilitoka mwaka 1996 na ndiyo iliyomtambulisha Walibora. Kijana Msanifu Kombo, anayejulikana kama Kongowea Mswahili, anakulia Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Baba hamjui. Basi anafunga safari kumtafuta, na safari hiyo inamleta huku kwetu, hadi Kitale.

Kitale, wasee! Kilomita 70 hivi kutoka hapa, pale ambapo tunaenda kununua mahindi. Miaka yote nilidhani riwaya za Kiswahili ni za watu wa pwani, mambo ya minazi na majahazi. Kumbe stori inaweza kupanda hadi kwenye baridi yetu.

Shida yangu ni kwamba Kongowea ni mwema kupita kiasi. Ana akili, ana adabu, ana bidii, na bahati inamkuta njiani kila akikwama. Sadfa ni nyingi. Mimi nilikwama, bahati haikuja. Lakini mwendo wa Kiswahili chake ni mtamu sana, unateleza tu. Niliisoma siku mbili, na wateja wawili walitumiwa pesa kwa kuchelewa. Samahani.

3. Rosa Mistika – Euphrase Kezilahabi

Kezilahabi aliiandika akiwa bado kijana wa chuo kikuu, ikatoka mwaka 1971 akiwa na miaka 20 na kitu, umri wetu. Serikali ya Tanzania iliipiga marufuku shuleni kwa muda. Nani asingetaka kusoma kitabu kama hicho?

Rosa ni msichana wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Anampiga binti vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiogopa hata kuongea na wanaume. Halafu anaenda shule ya bweni, mbali na macho ya baba, na ndipo utajua kumfungia mtu si sawa na kumlea.

Mimi nina dada wawili. Nilipofika katikati ya kitabu hiki nilifikiria simu ambazo nimewahi kuwanyang'anya nikijifanya mlinzi. Sikujipenda sana siku hiyo.

Lakini sitadanganya, mwisho wake sikuukubali. Naona mwandishi alimwonea Rosa. Wanaume wengi kwenye hadithi wanafanya makosa na kuendelea na maisha, ila mzigo wote anaubeba yeye. Rafiki yangu anasema hapo ndipo penye ukweli, kwamba dunia ndivyo ilivyo. Tumebishana wiki mbili na hatujamaliza. Kama umeshakisoma, niambie uko upande gani.

4. Vuta N'kuvute – Adam Shafi

Ukitaka mapenzi na siasa kwenye sahani moja, chukua hii. Zanzibar enzi za Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye miaka 15, anaozwa kwa mzee anayeweza kuwa baba yake. Anatoroka, familia inamkataa, anapokelewa na Mwajuma, na kwa Mwajuma anamjua Denge, kijana anayepambana na wakoloni.

Ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu iliyoonyeshwa hadi kwenye tamasha la Toronto. Filamu nzuri, ila soma kitabu kwanza. Mwajuma wa kitabuni ni moto. Ni maskini, anapenda raha, mdomo wake hauna breki, na ndiye mtu mwenye utu kuliko wote. Denge naye, akianza hotuba zake, mimi huruka kurasa mbili nakwenda kumtafuta Mwajuma.

5. Peponi – Abdulrazak Gurnah

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza, akashinda tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya zake anaandika kwa Kiingereza. Hii ilitoka mwaka 1994 kwa jina Paradise, na mwaka 2022 tukapata tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis.

Yusuf ana miaka 12. Anapandishwa gari moshi na "mjomba" Aziz, tajiri wa misafara. Polepole anatambua kwamba Aziz si mjomba. Baba yake ana deni, na yeye ndiye malipo.

Inaenda taratibu. Kama umezoea stori za kukimbizana, utahangaika kidogo. Lakini lile wazo la mtoto kulipia deni ambalo hakukopa lilikaa nami muda mrefu. Nafanya kazi ya M-Pesa. Najua nyuso za watu wanaolipa madeni ya wengine.

6. Kufa Kuzikana – Ken Walibora

Hii nimeiweka mwisho makusudi. Ni ya Walibora tena, ilitoka mwaka 2003. Katika nchi ya kubuni ya Kiwachema kuna makabila mawili hasimu, Wakorosho na Wakanju. Vijana wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, ni marafiki wa kufa kuzikana. Halafu vita vya kikabila vinaanza.

Rafiki yangu wa Kilifi ndiye aliyenifungua macho. Nilimpigia simu kumuuliza hayo majina, akacheka. "Mkanju si ndio mkorosho? Mti ni uleule." Nikakaa kimya kwenye simu. Watu wanauana, na mti ni mmoja.

Angalia mwaka: 2003. Miaka minne na ushee kabla ya yale yaliyotupata hapa Eldoret baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa na miaka saba. Sitakuambia sisi ni wa kabila gani, maana hilo ndilo swali la kwanza ambalo watu wa hapa huuliza, na leo silijibu. Nakumbuka moshi, nakumbuka kulala sakafuni mahali penye watu wengi, nakumbuka kuuliza tunarudi lini. Nyumbani kwetu haya mambo hayazungumzwi. Kukitajwa 2008, mathe anainuka kwenda kuangalia sufuria.

Sasa, jioni moja stima zilipotea. Nilikuwa nasoma hii riwaya kwa tochi ya simu, mathe amekaa pale anachambua mboga. Akaniambia, "Soma kwa sauti basi, badala ya kumaliza chaji peke yako."

Nikasoma. Kesho yake stima zilikuwepo, lakini akauliza, "Wale vijana walifika wapi?" Ikawa desturi, kurasa kumi, kumi na tano kila jioni. Siku tuliyofika kwenye vurugu nilisita. Akasema, "Endelea."

Nilipomaliza sura, alikuwa ameacha mboga. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Tulipokimbia, cherehani yake ilibaki. Jirani wa upande ule mwingine aliichukua usiku, akaificha chini ya magunia ya mahindi kwake, huku vijana wa kwake mwenyewe wakipita nyumba kwa nyumba. Tuliporudi akaileta ikiwa imefungwa kwa leso. Hakusema neno.

"Ile cherehani ndiyo ilikulipia fomu wani," mathe akasema.

Nimeiona cherehani hiyo maisha yangu yote. Sikujua.

Sisemi kitabu kimetuponya. Mathe hajaongeza neno tangu siku hiyo, na mimi sijamlazimisha. Lakini miaka 17 tulikuwa na hadithi moja ndani ya nyumba moja na hatukuwa na mlango wa kuiingilia. Walibora alitupa mlango.

Yeye mwenyewe alifariki Aprili 2020, baada ya kugongwa na gari Nairobi. Kezilahabi alikuwa ametangulia Januari mwaka huohuo. Miezi minne, nguzo mbili. Mimi wakati huo sikuwa nimesoma kitabu cha yeyote kati yao hadi mwisho. Hilo linaniuma.

Nilichoshindwa nacho

Ili msidhani najua sana: Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, imenishinda mara mbili. Ni kembamba, ukikiona utasema nakimaliza kwa mlo mmoja. Maze! Ukurasa wa kumi sikujua kama naota au msimulizi ndiye anayeota. Wanaokipenda wanakipenda sana. Nitajaribu tena nikifika miaka 30.

Utavipata wapi bila kuumia mfukoni

Vipya ni ghali, najua. Anza na wauza vitabu vya mitumba mjini. Riwaya zilizowahi kutahiniwa ndizo rahisi kupata, maana kila mwaka watu wanazitupa. Siku Njema yangu niliipata kwa shilingi 100, imeandikwa majina ya watu watatu ndani, mmoja amechora moyo. Maktaba ya umma pia ipo hapa Eldoret. Tukijisifu kwamba tumekuwa jiji tangu Agosti 2024, basi tuingie humo ndani hata bila mtihani. Njia ya tatu ni kukopeshana. Sisi tuko watano, kila mtu ananunua kimoja kwa mwezi, tunazungusha.

Na kanuni yangu: kurasa 50. Kisipokushika kufikia hapo, kiweke chini bila aibu. Hakuna mwalimu.

Juzi kijana mmoja wa boda anayeegesha mbele ya kibanda alikuja kutoa pesa, akauliza swali lile la mtihani. Nikamsimulia Siku Njema kidogo, nikasimama pale Kongowea anapoondoka Tanga. Akangoja. Nikanyamaza. "Sasa alimpata baba yake ama hakumpata?" Nikampa kitabu.

Wiki tatu sasa hajakirudisha. Kila asubuhi ananipungia mkono kwa mbali na kusema, "Bado kidogo!" Jana nilipita stegi nikakuta kina mwenzake, na kurasa zake zimeingia mafuta ya pikipiki.